Mkwe Hapigwi Shoti

Kazi yangu ni kuwashambulia walinzi. Usishangae, nimeajiriwa kwa kazi hiyo. Navaa koti nene la sponji, nasimama mwisho wa uwanja nyuma ya ofisi yetu, halafu namkimbilia mtu aliyeshika bastola ya umeme huku nikimporomoshea matusi. Akifanya vizuri nampongeza. Akifanya vibaya namwambia ukweli, na wanaonijua wanasema afadhali upigwe umeme kuliko kuambiwa ukweli na mimi.

Bastola zenyewe tunaziita shoti. Serikali inaziita silaha za umeme, na zamani haikuwa na habari nazo. Kila kampuni ya ulinzi ilinunua zake na kuzigawa kama inavyogawa filimbi. Mlinzi anaripoti asubuhi, anapewa shoti, anaoneshwa pa kubonyeza, basi, kaanze kazi. Ikawa hivyo mpaka mlinzi mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi alipobishana na mteja kuhusu risiti, akampiga shoti mteja akiwa juu ya ngazi. Yule bwana hakufa, lakini kiuno chake hakikurudi kuwa kiuno. Watu wakalalamika redioni na magazetini, na hatimaye sheria ikatoka: hakuna mlinzi wala mpelelezi wa kujitegemea atakayebeba shoti bila kibali, na hakuna kibali bila mafunzo na mtihani.

Sheria yenyewe naipenda, sifichi. Inasema usimlenge mtu kichwani wala kifuani. Usimpige mjamzito, mtoto, aliye juu ya kitu au aliye ndani ya maji. Toa onyo kwanza, kwa sauti ya kusikika. Akishaanguka usimbonyeze tena, na usimwache peke yake mpaka daktari afike. Ni mambo ambayo mtu mwenye akili zake hahitaji kuandikiwa, lakini mimi nimefundisha walinzi wengi, na naomba waendelee kuandikiwa tu.

Kuna kifungu kimoja kilichonitoa jasho. Kwa kuwa watu walishaumizana kwenye mazoezi, sheria inasema anayesimama mbele ya shoti, hata ile ya kujifunzia isiyo na umeme, lazima awe mkufunzi mwenye cheti. Kampuni yetu ina mkufunzi mmoja mwenye cheti, naye ni mimi. Na miongoni mwa walinzi waliotakiwa kunilenga na kunifokea alikuwemo baba mkwe wangu.

Baba alihamia kwetu, kwa mume wangu, mimi na watoto wetu, baada ya mama mkwe kufariki. Alihamia kwa sharti moja: atakaa nasi mradi ana kazi. Siku kazi ikiisha ataenda kwa dada yake, huko mbali, kwa sababu hawezi, alisema, kukaa kwa mwanawe akisubiri kupakuliwa. Dada yake namfahamu. Yule mama anaweza kugombana na mlango. Nilijua Baba akienda kule atanyamaza moja kwa moja, maana hata kwetu maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

Nikamwombea kazi kwenye kampuni yetu, wakampanga geti la kliniki ya wazazi, na hapo Baba akawa amefika. Akina mama wanatoka pale wamebeba vichanga vimelala. Baba hataki mtoto aamshwe, kwa hiyo gari likikata kona tu yeye ameshafungua geti, dereva asije akapiga honi. Wagomvi nao wapo. Anakuja baba wa mtoto amelewa, wanakuja mawifi waliochambana wodini. Baba humsogelea mgomvi na kumwambia jambo kwa sauti ndogo, mpaka yule mtu inabidi anyamaze ili asikie. Sijui huwa anawaambia nini. Nimeona wengine wakiishia kukaa kwenye benchi lake wanajifuta machozi.

Nyumbani tunaheshimiana mpaka inachekesha. Korido yetu ni nyembamba, na tukikutana humo kila mmoja anarudi nyuma kumpisha mwenzake, tunabaki mimi mlango wa jikoni na yeye mlango wa chumbani, njia nyeupe katikati. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la masafa na hukaa nyumbani kama mgeni, husema korido ile iwekewe askari wa barabarani. Baba ananiita Mama. Asubuhi nakuta buti zangu za kazi zimeng'arishwa na kupangwa karibu na mlango. Mimi nampigia pasi sare yake. Hatujawahi kuambiana asante kwa hayo. Nampenda yule mzee. Baba yangu mzazi alikuwa mtu wa kupiga meza, na mimi nimemrithi vizuri tu. Sikujua mwanamume anaweza kuishi ndani ya nyumba bila mtu kumwogopa mpaka nilipoolewa huku.

Basi mafunzo yakaanza. Nilikuwa na walinzi wachache pamoja na mpelelezi mmoja wa kujitegemea, kijana mwenye miwani myeusi, kazi yake kufuatilia waume za watu. Huyo alikuwa hashikiki. Alishika shoti kama amezaliwa nayo, anaichomoa, anaizungusha, anairudisha kiunoni. Alitoa onyo zuri, akabonyeza, shoti ya mazoezi ikalia na kuwaka taa nyekundu, nikajiangusha kama inavyotakiwa. Niko chini, nasikia inalia tena.

"Nimeshaanguka," nikamwambia.

"Nilikuwa nahakikisha," akasema.

Nikainuka na koti langu, nikampa ukweli wake mbele ya wenzake mpaka akavua miwani. Halafu ikafika zamu ya Baba.

Nilimkimbilia kama ninavyowakimbilia wote. Nikapaza sauti: nipishe, nipishe nisije nikakuua. Baba akaniangalia mara moja, akateremsha macho chini kama afanyavyo koridoni, akasogea pembeni akanipisha. Nilipita mbio hadi kwenye ukuta.

"Pole, Mama," akasema nyuma yangu.

Uwanja mzima ulicheka. Mpelelezi alikaa chini kabisa. Kwa mlinzi mwingine yeyote ningesema: umeshakufa wewe, na kliniki yote imeshakufa, rudi kwenye mstari. Nikafungua mdomo kusema hivyo. Maneno yaliyotoka yalikuwa, "Baba, naomba turudie kidogo, kama hutajali."

Tukarudia. Mara ya pili alitoa onyo, lakini alilitoa kwa kunong'ona, na shoti ameielekezea viatu vyake. Mara ya tatu aliniuliza kwanza kama lile koti halinichoshi kwa joto lile.

Nilikwenda kwa bosi, nikamwambia hili jambo haliwezekani, mkwe hawezi kumlenga mkwe, niazimie mkufunzi wa tawi jingine. Bosi akasema mkufunzi wa tawi jingine yuko likizo ya uzazi, na mkaguzi wa serikali keshapangiwa siku. Nikamwomba basi Baba abakie getini bila shoti, kama alivyokuwa siku zote. Akasema kliniki imebadilisha mkataba, inataka mlinzi mwenye shoti na kibali, na vituo vyote vimeshataka hivyohivyo. "Asiye na kibali sina pa kumweka," akasema. "Mzee nampenda hata mimi. Mfundishe."

Mfundishe. Kana kwamba nilikuwa nacheza naye kombolela.

Nikahamishia mafunzo nyumbani. Jioni baada ya chakula tunatoka uani, Baba ameshika rimoti ya televisheni badala ya shoti. Nikafikiri labda tatizo ni kuniona uso, kwa hiyo nikajificha nyuma ya mlango wa bafu la nje, nikamwambia Baba, humu ndani kuna mwizi, mfokee.

"Simama," Baba akasema. "Nina umeme."

Alisema kama anayemwambia mtu chai iko mezani.

"Baba, huyo mwizi ameshaondoka na shuka zetu."

"Nisubiri, Mama. Inakuja."

Ilikuwa haiji. Mume wangu akapiga simu kutoka njiani, nikaiweka kwenye spika, naye akamwambia baba yake, "Mzee, fikiria ni mimi siku ile niliyouza baiskeli yako."

"Siku ile sikukufokea," Baba akasema.

"Ndiyo maana nikauza na redio," akasema mume wangu, na Baba akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ulikuwa umepita muda sijamsikia akicheka hivyo.

Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Jioni moja aliniwekea rimoti mkononi, akasema, "Nikishindwa, Mama, usije ukahangaika. Nimeshaongea na dada. Ametandika kitanda." Aliyasema hayo kwa upole wake uleule, akaingia kulala. Mimi nilibaki uani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilikuwa na hasira na sheria, na bosi, na kliniki, na dada mtu na kitanda chake. Nilikuwa na hasira hasa kwa sababu nilijua nikimkosa mzee yule nyumba yangu itakuwa na sauti moja tu ya mtu mzima, yangu, na mimi mwenyewe siipendi sana.

Siku ya mtihani mkaguzi alikuja mapema. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, hana haraka na hana mchezo. Akatueleza utaratibu: yeye anaangalia, mimi nashambulia, na mwisho sote wawili lazima tukubali. Mmoja akikataa hakuna kibali. Nikamwambia wazi kwamba mmoja wa watahiniwa ni baba mkwe wangu. Akaniangalia juu mpaka chini, pamoja na sponji langu.

"Cheti chako ni cha kweli?"

"Ni cha kweli."

"Basi utasema kweli," akasema, akafungua kalamu yake.

Mpelelezi alitangulia. Onyo lake lilirusha njiwa kutoka kwenye bati. Alibonyeza, nikaanguka, nikamsikia kabisa akipumua juu yangu, akishindana na kidole chake, na kidole kikashinda. Shoti ikalia tena. Mkaguzi akanigeukia, nikasema hapana, naye akasema hapana. Kijana akavua miwani mwenyewe safari hii.

"Sawa," akaniambia. "Tutaona huyo mzee wako utamfanyaje."

Baba akaingia uwanjani. Sare yake nilikuwa nimeipiga pasi mara mbili. Nilisimama mwisho wa uwanja, kisu cha mbao mkononi. Mkaguzi akatoa ishara. Nikakimbia.

"Simama!" Baba akafoka.

Nilikaribia kusimama kweli. Sauti ilikuwa imepasuka katikati, lakini ilikuwa sauti, na ilifika hadi barabarani. "Simama, nina umeme. Tupa kisu. Tupa kisu nakwambia." Alikuwa ameinua shoti sawasawa, chini ya kifua, miguu ameitanua kama nilivyomwelekeza. Ndani ya koti langu nilikuwa nacheka na kulia. Mtihani unataka mshambuliaji aendelee kuja, kwa hiyo niliendelea kuja, na sasa kazi yake ilibaki moja tu, kubonyeza.

Hakubonyeza. Nilimwona anataka. Kidole kilikuwa mahali pake, jasho linamtoka, na mimi nimeshafika. Nikaishika shoti kama ambavyo mwizi angeishika, nikaivuta. Hapo ndipo Baba alipofanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mlinzi yeyote. Alilegeza vidole. Aliona navuta kwa nguvu, akaogopa nisije nikavunjika kucha, akaniachia silaha taratibu kama unavyomwachia mtu kikombe cha moto.

Nikabaki nimesimama mbele yake, shoti mkono huu, kisu mkono ule.

Mkaguzi alikaa akiandika, kisha akasimama. "Onyo ni zuri," akasema. "Kulenga kuzuri. Hakubonyeza, ni kweli. Lakini mbele yake alisimama mkwe wake, na hilo hata sheria haikuliwaza. Angekuwa mtu baki angebonyeza, mimi naamini hivyo. Kwa upande wangu nakubali." Akanigeukia. "Mkufunzi?"

Watu wote wakaniangalia. Mpelelezi alikuwa ameegemea ukuta amekunja mikono. Ilikuwa neno moja tu, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikisema ndiyo, Baba anarudi getini kwake, jioni anarudi nyumbani kwangu, na dada mtu anakunja shuka zake. Hakuna ambaye angenilaumu. Mkaguzi mwenyewe ameshanifungulia mlango.

"Baba," nikasema, "angekuwa mtu baki, ungebonyeza?"

Yule mzee hajui kusema uongo, na siku ile pia hakujaribu. Alifikiria. Alifikiria kwa muda mrefu, mpaka mkaguzi akaifunga kalamu na kuifungua tena.

"Sijui, Mama," akasema. "Labda ningemuuliza kwanza ana shida gani."

Nikaiangalia mikono yake. Nikamwona getini, na mtu mwenye kisu cha kweli, na Baba anamlegezea vidole asije akaumia. Shoti aliyopewa imlinde yeye na vichanga vya watu ingekuwa mikononi mwa mwingine kabla mtu hajapiga kelele. Nimeshaona silaha iliyohama mkono inafanya nini. Kibali kile kingemweka nyumbani kwangu kwa muda tu, halafu siku moja ningeitwa nikautambue mwili.

"Hapana," nikasema.

Mkaguzi aliniangalia kidogo, akaandika. Mpelelezi akashusha mikono. Baba aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa salamu, akaenda kurudisha filimbi, kofia na kitambulisho stoo, vyote akavipanga vizuri juu ya meza.

Nyumbani alinisubiri nimalize kunawa ndipo akaniambia, "Umefanya kazi yako vizuri, Mama." Angenipiga kofi ningeumia kidogo zaidi ya hapo, lakini siyo sana. Nilimpigia mume wangu, naye akasema, "Si ungesema ndiyo tu?" Nikamwambia ningesema ndiyo wewe ungekuja kuzika. Nikasikia lori lake likipunguza mwendo na kusimama pembeni. "Mbakishe basi," akasema baadaye. "Mimi sijawahi kumshinda yule mzee kwa lolote."

Nilijaribu. Nilimwambia Baba wajukuu watamlilia. Akasema atawapigia simu. Nilimwambia dada yake ana kelele. Akasema ni dada yake. Nilimwambia subiri mume wangu arudi, ni adabu. Akasema wameshaagana kwa simu, na mtu asiye na kazi kila siku anayongeza kwenye nyumba ya watu inakuwa deni. Nyumba ya watu. Niligeuka nikaenda kuosha vyombo, na sahani moja nikaivunja, sisemi kwa bahati mbaya.

Asubuhi nilikuwa uani naanika nguo. Nilisikia mlango wa mbele ukifungwa, polepole, kama afungavyo yeye ili asimwamshe mtu. Nikaingia ndani. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa mpaka kimenyooka. Nilitoka nje na ndala, mikono yangu inatiririka maji, nikaanza kukimbia.

Barabara ilikuwa imeshachangamka. Vinyozi walikuwa wanafungua, gari la maji limesimama katikati na kila mtu analipigia honi. Nilimwona mbele kabisa, anatembea ukingoni na begi begani, mgongo umenyooka kama yuko zamu.

"Baba," nikaita.

Fundi viatu akageuka. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti nje ya duka akageuka. Dereva wa gari la maji naye akachungulia dirishani. Baba wangu mimi hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, wakageuka wengine, na yeye anazidi kwenda. Barabara nzima ilikuwa imejaa akina baba.

Hapo nikamwita kwa jina lake.

Jina lake la kuzaliwa. Mtu aliyeolewa kwenye ukoo wa watu hamwiti baba mkwe kwa jina, hilo nilifundishwa kabla sijajua kupika, na kusema kweli sikuwahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Wala si mimi tu. Kazini alikuwa Mzee, kwa wanawe Baba, kwa wajukuu Babu. Nililitoa lote, kwa sauti yangu ya uwanjani, ile ninayowakimbilia nayo walinzi. Hata honi zilinyamaza, au mimi niliona hivyo.

Alisimama. Hakugeuka kwanza. Aliteremsha begi chini, akabaki ameupa mgongo mtaa mzima, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Nikamfikia, nikazunguka mbele yake. Kwa mara ya kwanza hakuteremsha macho, na mimi pia sikuteremsha yangu. Alikuwa analia waziwazi.

"Nisamehe, Baba," nikasema. "Nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Lakini hukunisikia. Rudi nyumbani. Nimekunyima kibali kwa sababu sitaki ufe getini, siyo kwa sababu sikutaki. Kazi itapatikana au haitapatikana, mimi sijali. Sikukuweka kwangu unilindie nyumba. Nakupenda, na nyumba ile si ya watu, ni yako, na ukienda kwa yule dada yako nitakufuata nije nigombane naye mpaka majirani wahame."

Alitafuta kitambaa mfukoni, hakukipata, akajifuta kwa mkono. Fundi viatu alikuwa ametuangalia wee, mpaka akaona aibu akarudi kwenye sindano yake.

"Tangu mke wangu afariki," Baba akasema, "hakuna aliyeniita vile. Nilifikiri ndiyo limeisha."

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nilisimama pale na ndala zangu nikalia pamoja naye, na watu wakatupita kushoto na kulia. Baadaye nilichukua begi. Alitaka kunizuia, akaacha.

"Siku nyingine usipige kelele namna ile," akasema. "Niite taratibu tu. Nitasikia."

Akageuka, akashika njia ya nyumbani, nami nikatembea kando yake.